Unalala au unapumzika? Lodji za Dar zimemsahau mtu aliyekuja kulala

Staa mmoja wa Bongo Fleva, mtoto wa Kanda ya Ziwa, aliingia laivu saa tisa usiku akiwa amejifunika shuka la lodji mpaka kidevuni. Alikuwa Dar kwa ajili ya mahojiano redioni saa moja asubuhi. Baa ya chini ilikuwa imefungulia spika mpaka kioo cha dirisha kinatetemeka, na wimbo uliokuwa unapigwa ni wa kwake mwenyewe. Alilalamika dakika kama nne hivi, akazima. Watu walicheka mpaka kunakucha. "Onja dawa yako" ndiyo komenti iliyopendwa kuliko zote.

Kucheka ni halali kabisa. Ila jamaa alipiga simu kwa meneja wake, na saa kumi alikuwa kwenye gari anaelekea Masaki, kwenye hoteli ambayo zulia linameza hata sauti ya viatu. Yake ikaishia hapo. Wanaostahili kuzungumziwa ni wale ambao saa kumi usiku hawana meneja wala Masaki.

Kuna mama mmoja wa Njombe, umri wa bibi, aliyeletwa Dar na mwanawe kwa ajili ya mionzi pale Ocean Road. Matibabu ya mionzi kwa wagonjwa wengi ni ya kwenda na kurudi: unapigwa dakika chache, unatoka, kesho tena, siku tano za wiki, kwa wiki kadhaa. Hulazwi. Unatakiwa uwe na pa kulala mjini. Kijana ni fundi simu, sio tajiri, akauliza watu wa mjini wanaojua mambo, akaelekezwa lodji moja maeneo ya Sinza. Elfu 25 kwa usiku, self, feni, TV, maji yapo. Picha zilikuwa nzuri. Tatizo la picha ni kwamba hazina sauti.

Walifika jioni kutoka Mbezi Luis, wamechoka na basi la siku nzima. Dada wa mapokezi, binti mwenye adabu zake, akasalimia: "Shikamoo mama. Mnalala au mnapumzika?"

"Marahaba mwanangu," mama akajibu. "Nimekuja kupumzika. Daktari ndivyo alivyosema."

Kijana alitamani ardhi ipasuke. Binti naye akainamisha uso kwenye daftari la wageni. Wenyeji wa mjini wanaelewa: "kupumzika" kwenye lodji za Dar ni saa moja au mbili za watu wawili ambao hawana shida na usingizi. Kwa hiyo neno lenyewe limeshahama. Ukisema umekuja kupumzika, lodji inakuelewa kinyume, na ukisema umekuja kulala unakuwa mteja wa daraja la pili.

Daraja la pili kweli, na hapa ndipo hesabu ilipo. Mwenye lodji anajua kwamba chumba kimoja kinaweza kuuzwa mchana mara mbili, mara tatu, kisha usiku kikauzwa tena kwa bei kamili. Anayekuja kulala anakikalia kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka saa nne asubuhi kwa malipo ya mara moja. Hanywi bia. Hali nyama choma. Anaomba ndoo ya maji ya moto na shuka la pili. Na sehemu kubwa ya lodji hizi zimejengwa na baa chini au uani, za mwenye mali huyo huyo, na baa ndiyo inayoingiza hela ya haraka. Sasa mwambie huyo bwana apunguze muziki ili bibi wa Njombe alale. Atakuambia pole sana mama, na kweli anakuonea huruma, na muziki utabaki pale pale.

Angalia mabao ya nje. "Vyumba self, AC, TV, maji moto, parking, vinywaji baridi, supu asubuhi." Zunguka Sinza, Mwenge, Manzese, Magomeni, Kinondoni, utakuta mpaka "ulinzi masaa 24". Bao linaloandika "hapa kuna kimya" ni nadra kama mvua ya Septemba. Kimya hakigharimu umeme wala mafundi. Kinagharimu kuzima spika moja saa nne usiku.

Usiku wa kwanza mama alivumilia. Wa pili ilikuwa Alhamisi, kukawa na singeli na "ladies free". Wa tatu, Ijumaa, chumba cha pembeni waliingia watu watatu kwa zamu, kila zamu na ugomvi wake, huku kuta za lodji zikiwa za tofali la upande mmoja unaosikia jirani akikohoa. Jumatatu, kwenye foleni ya hospitali, mama alisinzia amekaa mpaka akapitwa na jina lake. Mtu ambaye mwili wake unapigana na ugonjwa na dawa kwa wakati mmoja, usingizi kwake ni sehemu ya matibabu.

Wajuaji wana jibu lao tayari: kwa nini asikae kwa ndugu? Ndugu yupo. Mpwa wake anaishi Tabata, vyumba viwili na sebule, watoto wanne, na alikasirika kweli aliposikia shangazi yuko lodji. "Kwani kwangu hakufai?" Kunafaa. Ila mgonjwa anaamka usiku mara tano kwenda chooni, kuna siku anatapika, kuna siku anataka kulia bila mtu wa kumuuliza kulikoni. Waswahili walishasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na hapa zinaongelewa wiki. Mama mwenyewe ndiye aliyekataa Tabata, kwa heshima ya huyo mpwa. Watu wa mjini wanapenda kuchukulia lodji kama mahali pa aibu, eti mtu mwenye ndugu anaenda kufanya nini huko. Fikra hiyo hiyo ndiyo inayowaacha wenye lodji wafanye wanavyotaka, maana nani atasimama hadharani kulalamika kwamba hakulala vizuri gesti ya Sinza? Ataulizwa alikuwa na nani.

Jibu la pili la wajuaji ni hili: Dar ni jiji, ukitaka kimya rudi kijijini. Hili linachekesha zaidi, kwa sababu watu wengi wanaolala lodji za bei ya kati hawajafuata raha. Kuna wafanyabiashara wa Tunduma, Wazambia na Wakongo wa Lubumbashi wanaofunga mzigo Kariakoo na kesho wanatakiwa wahesabu hela bila kukosea. Kuna kijana ana usaili wa kazi saa mbili. Kuna mzee ana kesi mahakamani. Kuna wasindikizaji wa wagonjwa wa Muhimbili, hao ni wengi ajabu. Jiji linaishi kwa hela za watu hawa. Kuwaambia warudi kijijini wakalale ni utoto.

Na sheria? Ipo. Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo zilitoka mwaka 2015, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na kiwango cha usiku ni cha chini kuliko cha mchana. Mwaka 2023 NEMC walipita jijini wakafungia baa na kumbi kwa sababu ya kelele, mitandao ikawaka, wengine wakasema starehe zinauawa. Lakini operesheni za namna ile zinategemea sana malalamiko ya wakazi, watu wenye nyumba na mwenyekiti wa mtaa. Mgeni wa lodji hana mtaa. Asubuhi amebeba begi ameondoka na hasira zake, jioni kitanda kina mtu mwingine ambaye bado hajui. Kwa hiyo kelele inayomuumiza mteja anayelipa ndiyo isiyo na mlalamikaji. Manispaa zinazotoa leseni zingeweza kabisa kuuliza swali moja tu kabla ya kugonga muhuri: baa na vyumba vimetenganishwa na nini? Kama jibu ni pazia, leseni moja irudi.

Mpaka hapo itakapofika, mtu anajiokoa mwenyewe, na bahati nzuri jiji hili lina pa kujiokolea kwa wanaojua.

Kosa la kwanza la wageni ni kudhani katikati ya jiji ndiko kwenye kelele. Mchana ni kweli. Usiku, Posta na sehemu kubwa ya Kisutu zinakuwa kama zimehamwa: ofisi zimefungwa, maduka yamefungwa, barabara ya watu wawili na paka. Kelele ya Dar usiku iko kwenye makazi, Sinza na wenzake, kwa sababu baa ziko wanakoishi wanywaji. Mahoteli madogo ya zamani ya katikati, yale ya ngazi nyembamba na feni la dari, mara nyingi yanalalika kuliko lodji mpya yenye vigae vinavyong'aa. Adhana ya alfajiri utaisikia, ila adhana ina saa yake na ina mwisho wake, mtu anageuka upande wa pili analala tena. Upanga nako kumetulia, na ni jirani na Muhimbili. Kariakoo usijidanganye: mzigo unashushwa usiku, na tangu 2025 inasukumwa kuwa soko la saa 24. Kuzunguka stendi ya Mbezi Luis ni honi na wapiga debe, unalala hapo kama basi lako ni la alfajiri tu.

Halafu kuna nyumba za wageni za taasisi, zile ambazo vijana wanazicheka, "unaenda kulala kwa masista?" Msimbazi Center pale Ilala, Luther House kando ya kanisa la Azania Front, YMCA na YWCA katikati ya jiji, nyumba za Kurasini. Huhitaji kuwa muumini, na bei zake ziko karibu na lodji ya kawaida kuliko hoteli. Masharti yapo, ndiyo. Utaulizwa unaingia na nani, na uso wa mlinzi hautakuwa na utani. Hayo masharti yanayochekwa ndiyo unayolipia. Uliza tu kama kuna sherehe wikiendi hiyo, maana baadhi zina kumbi, na harusi ya Dar haina huruma hata kwenye uwanja wa kanisa. Na uwahi, zinajaa.

Kama ni lodji tu ndiyo inayowezekana, basi usipige simu mchana. Piga saa nne usiku, Ijumaa ikiwezekana, na usisikilize anachosema dada wa mapokezi. Sikiliza kilicho nyuma ya sauti yake. Akilazimika kupaza, umeshajibiwa. Ukienda kuona chumba, fungua dirisha uangalie linatazama nini: viti vya plastiki vimepangwa chini, hapo ni baa hata kama sasa hivi hakuna mtu. Omba cha nyuma, cha juu, mbali na mapokezi na mbali na pampu ya maji. Feni linalolia kidogo sio adui, linafunika mengi. Na usione haya kusema neno zima: "nataka chumba cha kulala, ni mgonjwa". Wapo wahudumu wanaojua vyumba vyao vilivyotulia na hawaulizwi kamwe.

Kwa mama wa Njombe, aliyewaokoa ni muuguzi aliyemuona akisinzia kwenye foleni. Aliuliza, akaambiwa, akatikisa kichwa, akamwandikia kijana jina la nyumba moja ya wageni ya kanisa kwenye kipande cha karatasi, sio mbali na hospitali. Walihama jioni ile ile. Lodji ya Sinza ilikatalia hela ya siku mbili zilizokuwa zimeshalipwa, kijana akaona ugomvi hauna faida.

Chumba kipya hakikuwa na TV. Kitanda kimoja, meza, chandarua, dirisha linalotazama mwembe. Mapokezi alikuwepo mzee mmoja na miwani yake, akafungua daftari, akauliza jina, wanatoka wapi, watakaa siku ngapi. Kijana akawa anasubiri lile swali. Mzee akafunga daftari, akatoa ufunguo, akasema chai ni saa moja asubuhi.

Kesho yake mama hakuiona hiyo chai. Mwanawe aligonga mlango saa moja, akagonga tena saa moja na nusu, akaingiwa na hofu, akamwita mzee wa mapokezi waje na ufunguo wa akiba. Walipofungua walimkuta amelala upande, mdomo wazi, anakoroma. Mzee akaurudisha mlango taratibu, akaenda kumfunikia chai yake kwenye chupa.