Mzigo wa Prosesa na Mzigo wa Lugha

Aghalabu katika vikao vyetu husemwa kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba sayansi mpaka istilahi zake zote zisanifiwe. Napinga kauli hiyo, na sababu yangu ilinijia kwa njia nisiyoitarajia.

Mwenzangu wa chumba anasomea uhandisi. Alikuwa akijaribu kurusha televisheni ya dijitali kwa redio ya programu, akitumia kompyuta kuukuu. (Alifanya hivyo kupitia waya, maabarani; kurusha hewani bila leseni ni kosa.) Prosesa ilizidiwa, picha ikakatikakatika kwenye king'amuzi. Akanitaka nimweleze tatizo lake kwa Kiswahili, kama kweli lugha yangu inaweza.

Katika redio ya kawaida, kazi ya kulibebesha wimbi habari hufanywa na vipuri. Katika redio ya programu, hufanywa na hesabu. Katika mfumo wa DVB-T, chaneli yenye upana wa megahezi 8 hudai sampuli zipatazo milioni 9.14 kila sekunde. Wimbi halisubiri. Prosesa ikichelewa, pengo hutokea na picha huvurugika.

Mzigo huu hupunguzwa kwanza kwa kuchagua njia ya hesabu. Katika hali ya 2K, mawimbi madogo 1705 huunganishwa kwa hesabu ya Fourier yenye nukta 2048. Anayeifanya moja kwa moja atazidisha mara 4,194,304. Anayeigawanya nusu kwa nusu, kwa mbinu waliyoieneza Cooley na Tukey mnamo 1965, atazidisha mara 11,264, na jibu ni lile lile.

Kisha kuna kutorudia kilichokwisha kujulikana. Mfuatano unaotumiwa kuchanganya biti hujirudia kila baada ya baiti 1503. Ya nini kuukokotoa upya kila mara? Hukokotolewa mara moja, ukatiwa katika jedwali, na prosesa ikachota tu. Mwanafunzi wa ushairi ataling'amua jambo hili upesi: malenga wa kujibizana hafiki jukwaani ndipo aanze kusaka vina. Fabrice Bellard wa Ufaransa aliifikisha hoja hii ukingoni mnamo 2005. Alikokotoa wimbi zima mapema, akaligeuza kuwa picha, na kadi ya kawaida ya michoro ikalitoa wimbi hilo kwa kuonyesha picha tu. Ni ufundi wa kustaajabisha, ingawa haufai matangazo ya moja kwa moja.

Hata ukubwa wa namba una gharama. Sampuli ya baiti 8 hulazimu megabaiti 73 hivi zipite kila sekunde. Ya baiti 2, takriban 18.

Mwenzangu alinisahihisha mara mbili, lakini kamwe hakunilalamikia lugha. Watakaosema nimekopa "prosesa" na "sampuli" wamesema kweli. Nimekopa, kama walivyokopa waliotupa "redio". Nilipokwama ni kwenye usimbaji unaoziwezesha biti zilizoharibika njiani kurekebishwa. Nilimung'unya maneno, nikasingizia uhaba wa istilahi. Ukweli ni kwamba sikuielewa hesabu yenyewe, na istilahi mia moja zisingeniokoa.

Hapo ndipo penye kidonda chetu, wasomi wenzangu. Kati ya 2009, matangazo ya dijitali yalipozinduliwa nchini, na 2015, mitambo ya analojia ilipozimwa, kila kaya ilijifunza neno "king'amuzi". Ni nani miongoni mwetu aliyemweleza mnunuzi, kwa Kiswahili, kile king'amuzi kinachong'amua? Tulijadili iwapo neno linafaa, tukamwachia muuzaji maelezo. Nami nilikuwa miongoni mwa waliojadili.

Napendekeza chama chetu kitenge kurasa katika kila toleo kwa makala ambayo mwanafunzi wa Kiswahili na wa sayansi wameyaandika pamoja, na makala hayo yasikubaliwe mpaka mhandisi ayasome na kukiri kwamba ni sahihi. Mimi na mwenzangu tumekwisha kuanza na ule usimbaji ulionishinda. Rasimu ya kwanza amenirudishia ikiwa imejaa wino mwekundu.