Darasa la pesa za simu lianzie chuo cha mtaani, na tusiuze kitu humo

Kama una kibanda pale Mutindwa au karakana Kariobangi Light Industries, kuna uwezekano mkubwa kwamba hakuna mtu aliyewahi kuketi na wewe akakufundisha pesa za simu. Ulifundishwa na ajenti akiwa na haraka, foleni iko nyuma yako, ama na mtoto wako wa Form Two. Ukajua kutuma, kutoa na kununua kredo. Hayo yakatosha kwa miaka kadhaa.

Siku hizi hayatoshi. Ndani ya simu hiyo hiyo sasa kuna mkopo, akiba, Till, Paybill, bima, na mtu usiyemjua anayepiga simu akijiita "customer care". Wateja wetu wa Eastlands wanaotupigia simu wakilalamika hawaulizi pesa hutumwaje. Wanauliza pesa zilienda wapi.

Ndiyo maana tunapanga darasa la majaribio katika chuo kimoja cha mafunzo ya ufundi huku Eastlands. Mazungumzo bado yanaendelea, kwa hivyo jina la chuo tutaliacha kwanza. Lakini namna ya kuendesha darasa lenyewe imetuletea mabishano ofisini, na tunaona heri mteja ajue tunabishania nini, kwa sababu pesa zinazozungumziwa ni zake.

Upande mmoja unataka ukumbi mkubwa, watu mia tano, fulana, cheti na picha. Sisi wa kitengo cha elimu kwa wateja tunasema hapana. Tunataka watu ishirini, simu zao wenyewe hata kama ni kabambe, na wiki nane.

Tuna sababu, na ya kwanza imetoka hapa hapa Nairobi. Watu wanakumbuka Machi 2007, M-Pesa ilipozinduliwa nchi nzima. Wachache wanajua kwamba ilianza kama majaribio Oktoba 2005, ikiwa na maajenti wanane tu, katikati ya jiji, Mathare na Thika. Wateja walikuwa kama mia tano, wote kutoka vikundi vya mikopo vya Faulu Kenya, na walipewa simu za kutumia. Mpango ulikuwa mwanakikundi alipe mkopo wake kwa simu. Mengine hayakuwa yamepangwa. Nick Hughes na Susie Lonie, waliokuwa wakiuongoza mradi, waliandika baadaye kwamba kuwafundisha watu ilikuwa kazi kubwa. Kuna waliokuwa wageni kwa simu yenyewe, sembuse namba ya siri.

Halafu wateja wenyewe wakaanza kufundisha. Walitumiana pesa wao kwa wao. Walinunulia jamaa zao wa mashambani kredo. Wafanyabiashara waliweka mauzo ya siku kwa simu usiku ili wasitembee na noti mfukoni, na wengine waliweka pesa mji mmoja wakazitoa mji mwingine saa chache baadaye. Upande wa Faulu nao ukapata shida ambayo haikutarajiwa: mtu akishalipa kwa simu, anaona hana haja ya kuja kwenye mkutano wa kikundi, na mkutano ndio uliokuwa ukishikilia mkopo. Huduma ilipozinduliwa rasmi, haikutangazwa tena kama njia ya kulipa mkopo. Ilitangazwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani.

Sasa jiulize. Je, hayo yangeonekana kwenye ukumbi wa watu mia tano? Yalionekana kwa sababu idadi ilikuwa ndogo, na kulikuwa na watu waliokaa karibu na wateja miezi kadhaa wakitazama wanafanya nini na hiyo simu. Majaribio ambayo mwalimu hayuko tayari kufundishwa ni maonyesho tu.

Wengine wameuliza kwa nini chuo, si kanisa au ofisi ya chifu. Vyuo hivi vina historia yake. Mwaka 1966 Baraza la Makanisa nchini, NCCK, lilitoa ripoti iliyouliza kijana akimaliza shule afanye nini, na kutokana na fikira hizo zikazaliwa polytechnic za vijiji. Katiba ya 2010 ikazikabidhi kaunti, ndizo hizi tunazoziita leo VTC. Mle ndani utakuta msichana anayejifunza kushona, kijana wa welding, mwingine wa kutengeneza nywele. Karibu wote watajiajiri. Wanafundishwa kukata kitambaa na kuunga chuma, kisha wanatoka bila kuonyeshwa tofauti ya pesa za mteja na pesa za nyumba kwenye laini moja. Isitoshe, sisi tukishaondoka mwalimu wa chuo atabaki pale. Ukumbi wa kukodi haubaki na kitu ila viti.

Tutafundisha nini? Chukua mama mboga anayepokea malipo kwa namba yake ya kawaida. Mwezi uliopita alitumia overdraft kidogo kulipa stima. Leo wateja watatu wanamlipa, jumla 600. Pesa zinaingia, na papo hapo zinakatwa kulipa lile deni. Saa kumi alfajiri akiwa Gikomba kuchukua nyanya, simu inaonyesha salio la kuchekesha. Anadhani ameibiwa. Hakuibiwa, deni limejilipa. Angekuwa na Till, au huduma kama Pochi la Biashara inayotenga pesa za kazi na za mtu binafsi, mtaji wa kesho usingekuwa kwenye mfuko mmoja na stima ya jana. Somo hili lachukua dakika arobaini, na tunaamini lina faida kuliko wiki nzima ya nadharia ya "usimamizi wa fedha".

Ama chukua Hustler Fund, iliyoanza Novemba 2022. Riba ni asilimia 8 kwa mwaka na muda wa kulipa ni siku 14. Ukiomba 1,000, asilimia 5, yaani 50, inakwenda kwenye akiba yako, na mkononi unapata 950. Riba ya siku hizo 14 ni kama shilingi tatu. Tunataka kila mwanafunzi apige hesabu hii mwenyewe kwenye daftari, kisha aweke kando yake mkopo wa app anaoutumia, ile ada wanayoiita "facilitation" au jina lingine lolote, aigawanye kwa siku. Hatutamwambia achukue upi. Akishaona tarakimu mbili zikikaa pamoja kwenye ukurasa mmoja, atajua.

Halafu wakora. Meseji inaingia kwamba umepokea 4,500. Dakika mbili baadaye mtu anapiga analia: nimekosea namba, ni pesa za hospitali, tafadhali nirudishie. Wengi huangalia meseji na roho ya huruma ikawashika. Katika darasa tutafanya zoezi moja mpaka vidole vizoee: usiangalie meseji, angalia salio. Angalia pia imetoka kwa nani, kwa jina la huduma au kwa namba ya mtu wa kawaida. Na kama kweli pesa ziliingia kimakosa, aliyetuma aende kwa kampuni yake aombe zirudishwe, utaratibu upo. Kutuma wewe mwenyewe si wajibu wako, hata akilia vipi. Na PIN haitajwi kwa yeyote, sisi tukiwemo. Mwalimu wetu akikuuliza PIN darasani, toka nje uripoti.

Hapo ndipo tunafika kwenye jambo lililoleta moto zaidi ofisini. Tunataka iandikwe kwenye makubaliano na chuo kwamba ndani ya darasa hakuna kusajili laini, hakuna kumfungulia mtu mkopo, hakuna kugawa Till. Sisi ni kampuni ya malipo na kila muamala unatupa kitu, hilo hatulifichi. Lakini mtu akija kujifunza hatari za mkopo akaondoka na mkopo, tumemfundisha nini? Wenzetu wa mauzo wanasema darasa lisiloleta wateja halina bajeti mwaka ujao. Hoja hiyo ina uzito. Jibu letu ni kwamba mteja aliyelipuliwa na wakora anaondoka kabisa, anarudi kwa noti, na ukimtafuta tena hakuamini. Kwa hivyo anayetaka Till aende kwa ajenti wake siku nyingine, akiwa na akili tulivu. Kama anaihitaji kweli, Jumatatu haiko mbali.

Cheti nacho tungependa kisubiri. Huku Eastlands droo za watu zimejaa vyeti vya mafunzo ya siku mbili: ujasiriamali, uongozi, peer educator. Fundi anayetaka karatasi yenye nguvu anajua njia, aende NITA akafanye trade test. Chetu kisijifanye hicho. Badala yake tunataka kurudi miezi mitatu baada ya darasa, tumtembelee kila mmoja pale anapofanyia kazi, na kumuuliza mambo machache. Mtaji na pesa za nyumba bado viko laini moja? Deni la overdraft limekaa siku ngapi mwezi huu? Ni nani amekupigia simu ya ujanja na ulimjibu nini? Kama majibu ni yale yale ya kabla ya darasa, basi darasa halifanyi kazi na lisipelekwe kwa chuo kingine, hata kama picha zilitoka poa. Tunaomba hilo liandikwe kabla hatujaanza, maana baadaye kila mtu atakuwa amelipenda darasa lake.

Saa za masomo zinaonekana jambo dogo ila zinaweza kuua mpango wote. Mama mboga ameamka saa tisa usiku, anarudi na mzigo asubuhi, na biashara yake hasa ni saa kumi na moja jioni mpaka saa mbili watu wakishuka kwenye matatu. Nafasi yake ni kati ya saa nane na saa kumi mchana. Fundi wa Kamukunji mchana huo yuko kazini anagonga bati, yeye tumpate Jumapili. Ukiweka darasa saa tatu asubuhi kwa sababu ndiyo saa ya ofisi, utafundisha watu wasio na biashara. Lugha pia: Kiswahili cha mtaa, na Sheng pale inapokuja yenyewe. Vitabu vya masomo ya fedha tulivyoviona vinazungumza na mtu mwenye mshahara wa mwisho wa mwezi. Wa kwetu analipwa kila siku na kila siku analipa.

Limebaki suala la nauli, na hapa hata sisi wenyewe hatujakubaliana. Ukilipa watu kuhudhuria, watakuja wanaofuata pesa, na darasa likiisha hutawaona. Usipolipa, mtu wa Kayole atahesabu nauli ya kwenda na kurudi, aongeze saa mbili za kibanda kufungwa, abaki nyumbani. Pendekezo lililo mezani ni nauli tu, si posho, itumwe kwa simu baada ya kila kipindi. Kuanzia wiki ya tatu itumwe kwa ile laini au mfuko ambao mwanafunzi ametenga kwa ajili ya kazi, na asiyekuwa ameutenga tujue bado tuna kazi naye. Wewe unayesoma hapa na unafanya biashara upande huu wa jiji, tuambie ungekuja kwa masharti hayo, na kwa saa zipi.