Fundi na Mbadilishaji

Msomaji, neno "fundi" tumelichosha. Siku hizi kila mwenye spana mbili na ovaroli yenye mafuta huitwa fundi, hata ikiwa kazi yake yote ni kung'oa kipuri na kutia kingine. Mimi huyo namwita mbadilishaji. Fundi ni mtu mwingine, na mmoja wao nilimkuta mjini Kisii, nimelowa mvua na nimekwisha kukata tamaa.

Nina gari dogo la mbio, Datsun 240Z, nililorithi kwa marehemu ami yangu. Vijana hulicheka, lakini wanaoikumbuka Safari Rally ya zamani hawacheki: gari la aina hii ndilo lililompa ushindi Edgar Herrmann mwaka 1971 na Shekhar Mehta mwaka 1973. (Langu halikushinda kitu. Ami alikuwa akiendea msikitini siku za Ijumaa.)

Maradhi yake yalikuwa mkono wa gia. Ulilegea hata ukacheza kama jino la mtoto wa miaka sita, gia ikiwa imeingia au haikuingia. Gereji moja, ambayo jina lake nalihifadhi, iliniambia kwamba giabokisi imekufa, nitafute nyingine. Bei niliyotajiwa ilinifanya niombe maji ya kunywa. Sikununua, wala si kwa werevu, bali kwa ukata.

Basi nikaitwa Kisii kuzungumza na walimu juu ya mashairi. Baada ya shughuli nikashika njia ya Keroka, nia yangu nifike Nyamira kumjulia hali sahibu yangu. Nyie mnaoijua nchi ya Gusii mnajua kwamba huko hakuna tambarare ya kupumzikia. Ni kupanda na kushuka, migomba huku, majani ya chai kule. Sijafika hata Keumbu, natafuta gia ya 3, mkono ukanipeleka ya 1. Gari likashtuka, na lori la ndizi nyuma yangu likanipigia honi hadi nikasoma dua. Nikageuza.

Fundi wa jua kali niliyeelekezwa alikuwa mtu mzima, kibanda chake hakina hata kibao. Nikamwambia yale niliyoambiwa, kuwa giabokisi imekufa.

"Nani aliyeifungua, mzee?" akaniuliza.

"Hakuna."

"Basi walijuaje?"

Hakushika spana. Aliketi, akakanyaga klachi, akaingiza gia zote moja moja pole pole, injini ikiwa imezimwa. Kisha akaiwasha, akaliendesha gari hatua chache mbele na nyuma, ameinamisha kichwa kama anayesikiliza kisomo. Hakuna kilio, hakuna gia iliyochomoka. Akasema giabokisi haina neno. Ndipo akatoa kirungu cha mkono, akafungua kifuniko na mpira wa chini, akachomoa klipu na pini. Zile bushi mbili za plastiki zinazoishika pini zilikuwa zimekwisha, zimebaki makombo. Pini nayo ilikuwa imeliwa upande mmoja.

Alimtuma mwanafunzi wake kwa jirani mwenye mashine, akakereza bushi mbili za nailoni na pini mpya ya chuma. Nilifurahi kuona kazi ile, maana kukereza ni neno letu la kale. Vitanda vya Lamu vina miguu iliyokerezwa. Nikamwuliza kwa nini asitumie shaba, ambayo ingedumu zaidi. Akasema shaba ingeleta mtetemo wote wa giabokisi mkononi mwangu. Bushi ya kwanza ilibana mno, mkono ukawa mgumu. Akaitoa, akaipunguza kidogo, akapaka grisi, akarudisha. Saa 3 hivi, na malipo ambayo nikiyataja hapa wenye ile gereji wataona haya.

Chuoni, maalimu wetu alipoona kosa katika ubao hakuufuta wote. Aliweka kidole juu ya irabu moja, akanyamaza mpaka umeona mwenyewe. Na shairi lililopungua mizani huligeuzi lote. Unahesabu mpaka uikute silabi iliyokosekana. Fundi, kufunda, kufundisha, mwanafunzi: maneno haya ni ndugu wa tumbo moja.

Yuko atakayesema nasifu ubabaishaji. La hasha. Breki na usukani sitaki bushi ya kukisiwa, nitangoja kipuri chenyewe hata mwezi. Lakini mkono wa gia wa gari la zaidi ya miaka 50 haukuhitaji meli kutoka Japani. Ulihitaji mtu wa kuuliza kabla ya kuhukumu.

Na mtu huyo hana cheti. Mamlaka ya mafunzo ya viwanda, NITA, hutahini mafundi kwa madaraja, jambo zuri. Ila nilipomtajia akasema siku ya mtihani ni siku bila kazi, na wanawe hula kila siku. Naona haki watahini wamfuate kibandani, wamtazame akisikiliza gari, kabla elimu ile haijaenda kaburini pamoja naye.

Kesho yake nilifika Nyamira kwa gia ya 3 iliyoingia kila nilipoiita. Yule mwanafunzi nilimwacha amekaa juu ya tairi, bushi mbovu kiganjani, anaigeuza na kuitazama kwenye mwanga.