Springi mpya, shoki zile zile

Mpwa wangu wa Ruiru ana Subaru. Juzi alinipakia hadi Thika, na kila tuta nilisema bismillahi. Gari kalishusha kwa springi fupi, ngumu, ila shoki ni zile zile zilizotoka nalo Japani.

"Mjomba, pesa ziliishia kwa springi," akanambia.

Springi hubeba uzito. Shoki ndiyo inayoituliza, kwa oili inayopenya vali ndogo ndani yake. Springi ikiwa ngumu zaidi, vali nazo zipangwe upya, la sivyo tairi hudundadunda na breki hukosa pa kushika. Wengine hukata springi kwa gurainda, Mungu atunusuru.

Rasimu ya kanuni za ukaguzi ya 2025 inataka magari ya binafsi yaliyopita miaka 4 yakaguliwe. Tunaruhusiwa kuagiza hadi ya miaka 8, kwa hivyo mengi hushuka Kilindini umri huo umeshapita. Watu wanalalamikia ada, na nawaelewa. Lakini mimi nauliza wakaguzi watapima nini. Taa na honi pekee hazitoshi; shoki za kila gurudumu zipimwe, mashine za kazi hiyo zipo. Na mafundi wanaopanga vali wapewe cheti, mpwa wangu ajue ampelekee nani gari.