Abonema ya VIP: Goma inauziwa kadi, si mchezo

Kando ya Ziwa Kivu, mjini Goma, mahoteli na klabu za michezo zinauza abonema. Anayelipa anapewa kadi ya kuingia kuogelea kwenye pisini, kucheza tenisi ao kufanya mazoezi. Ile ya mwaka nzima, inayoitwa VIP, inasifiwa kuwa ndiyo rahisi zaidi. Hesabu yake inajulikana: gawanya bei kwa siku 365, utaona ni pesa kidogo tu kwa siku.

Hesabu hiyo ni mtego. Mwanamotari, msukuma chukudu na mama muuza makala wa soko la Virunga wanapata pesa siku kwa siku na kuila siku hiyo hiyo. Hata kama kadi ingekuwa dola 1 kwa siku, hakuna anayeruhusiwa kuleta dola 1. Anaombwa dola 365 mara moja, mbele ya kodi ya nyumba na ada ya shule.

Wengine watasema kila mtu na pesa yake. Ni kweli. Mfanyabiashara aliyekwisha kulipa deni zake aogelee kwa amani. Lakini kijana anayekopa ili apige picha kando ya pisini hanunui mchezo. Ananunua heshima.

Kongo inajua kadi za namna hiyo. Mwaka 1948 utawala wa Ubelgiji ulianzisha kadi ya sifa za uraia, na mwaka 1952 ukaleta uandikishaji wa wale walioitwa wastaarabu. Wazee walichunguzwa hadi ndani ya nyumba zao. Waliokubaliwa walikuwa wachache sana, na hata hao ubaguzi haukuwaacha.

Kuna pia jambo ambalo wahami wanalijua kuliko wengine. Mei 2021, baada ya Nyiragongo kulipuka, watu walitoka Goma kwa maelfu. Januari 2025 M23 iliingia mjini, mabenki yakafunga milango, na wenye pesa ndani hawakuweza kuzitoa. Katika mji kama huo, nani anahakikisha huduma ya miezi kumi na miwili ijayo? Anayekimbia anabeba godoro na sufuria. Kadi ya VIP haipiki chakula.

Kinyume chake, kwenye makartie kuna AVEC na likirimba. Katika AVEC wanachama wanaweka kidogo kila juma, sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu tofauti, na mwisho wa mzunguko kila mtu anagawiwa chake. Huo ndio uanachama unaomrudishia mtu jasho lake.

Klabu zinazotaka wateja wa kweli ziuze tikiti ya siku kwa franga, zibandike bei mlangoni, na zirudishe pesa zikifungwa kwa sababu ya vita. Viongozi nao walinde viwanja vya wazi na viwanja vya shule visigeuzwe kuwa parseli za watu. Mtoto wa muhami anahitaji mpira na uwanja. Mji ambamo mtoto anacheza tu kama baba ana kadi umekwisha kumfungia mlango kabla hajakua.