Mongolia: kura zilishinda chama kimoja, lakini pesa ya shaba inachelewa kufikia raia

Mwezi wa sita 2025, Waziri Mkuu wa Mongolia, Luvsannamsrain Oyun-Erdene, aliacha madaraka baada ya kukosa kura za kutosha bungeni. Kwa wiki kadhaa vijana walikuwa wakiandamana katika mji mkuu, Ulaanbaatar, wakiuliza familia yake inapata wapi pesa za maisha ya kifahari. Alikana makosa, lakini akaondoka.

Hadi 1990, inchi hiyo iliongozwa na chama kimoja cha kikomunisti kilichoegemea Moscow. Desemba 1989 maandamano yalianza, na Machi 1990 wapinzani wakagoma kula. Kiongozi wa wakati huo, Jambyn Batmönkh, alikataa kutumia jeshi, na viongozi wote wa juu wa chama wakajiuzulu. Katiba mpya ikapitishwa 1992. Miaka minne baadaye chama hicho cha zamani kilishindwa katika uchaguzi, kikakabidhi serikali. Upande wa siasa, kazi ilifanyika.

Uchumi ni habari nyingine. Msaada wa Moscow ulikatika, viwanda vikafungwa, mifugo ya ushirika ikagawiwa familia. Matumaini yakahamia kwenye madini, hasa shaba na dhahabu ya Oyu Tolgoi, katika jangwa la Gobi. Mkataba wa 2009 uliipa serikali asilimia 34. Ni sehemu kubwa, kwa maandishi. Lakini serikali haikuwa na pesa za kulipia sehemu yake ya gharama za ujenzi, kwa hiyo ilikopeshwa na washirika wake, na faida yake ilipaswa kwanza kulipa deni hilo. Mtu wa Kolwezi hahitaji kuelezwa zaidi. Mwanzoni mwa 2022, kampuni ya Rio Tinto ilikubali kufuta deni la dola bilioni 2.4, baada ya mabishano marefu.

Desemba ya mwaka huo raia walitoka tena, katika baridi kali, juu ya makaa ya mawe yaliyodaiwa kuibwa yakipelekwa China, inchi inayonunua karibu madini yote ya Mongolia. Pembezoni mwa Ulaanbaatar, familia nyingi zingali katika mahema, zikichoma makaa ili zisigande.

Sheria ya 2024 imeunda mfuko wa taifa wa kupokea mapato ya madini. Swali linalobaki ni nani atakagua hesabu zake.