Ada Inalipwa kwa Mwenye Nyumba

"Anko, nikifeli tutarudi Leicester?"

Swali hilo aliniuliza mtoto wa miaka tisa, amebanwa katikati yangu na baba yake kwenye kiti cha mbele cha gari la kukodi. Nyuma yetu vitanda, friji na masufuria vilikuwa vikigongana. Miguuni pake kulikuwa na begi ambalo mama yake alikataa lipakiwe pamoja na mizigo mingine, limejaa vitabu vya mazoezi ya mtihani. Ilikuwa Agosti, miaka minne iliyopita, tunateremka barabara ya M1 kuelekea Kent. Baba yake hakumjibu. Nami sikumjibu, na ukimya ule unaniuma mpaka leo.

Familia ile haikufukuzwa Leicester. Nyumba waliipenda, kodi waliimudu, watoto walikwenda shule kwa miguu. Dukani kulikuwa na mzee wa Kihindi aliyezaliwa Mwanza, aliyewauzia mihogo na kuwaulizia hali kwa Kiswahili. Mama anahudumia wazee, baba yuko kwenye ghala la mizigo. Ni watu wa kubeba boksi kama wengi wetu hapa Uingereza. Walihama kwa sababu moja tu. Leicester haina shule za serikali zinazochuja watoto kwa mtihani, zile zinazoitwa shule za grama. Kent inazo 32.

Nimechoka kusikia uhamaji huu ukisimuliwa kama hadithi ya bidii. Harusini, misibani, kwenye makundi ya WhatsApp, habari ni hiyohiyo: fulani amehamia Kent, fulani amehamia Buckinghamshire, fulani anatafuta nyumba Sutton, kijana ameingia grama, hongereni sana. Hakuna anayeuliza familia imelipa nini, na hakuna anayeuliza habari za mtoto ambaye hakuingia. Jina lake halitajwi kabisa.

Watetezi wa shule hizi hutanguliza jambo moja: hazitozi ada. Ni shule za serikali, milango iko wazi kwa mtoto wa tajiri na wa maskini, anayeweza ndiye anayeingia. Nasema ada ipo, na ni kubwa. Inalipwa kwa mwenye nyumba.

Tazama mambo yanavyokwenda. Huko Kent mtihani hufanywa mapema Septemba, mtoto akiwa ndiyo kwanza ameanza darasa la sita. Waingereza wanauita Eleven Plus, kana kwamba wanaoufanya wametimiza miaka kumi na moja, ilhali karibu wote siku ile wana miaka kumi. Majibu hutoka katikati ya Oktoba. Fomu ya kuomba shule hufungwa tarehe 31 Oktoba, na nafasi hutangazwa tarehe 1 Machi. Lakini kufaulu peke yake hakumpi mtoto shule. Kunampa ruhusa ya kupanga foleni. Shule ikipata waombaji kuliko viti vyake, na zile zinazotamaniwa hujaa kila mwaka, inarudi kwenye vigezo vyake, na mara nyingi kigezo kinachokata maneno ni umbali: mstari ulionyooka kutoka nyumbani kwako hadi shuleni. Zipo zinazopanga watoto kwa alama, lakini hata baadhi ya hizo zimechora ramani, zikagawa viti vya walio ndani ya mpaka na vichache vya walio nje. Basi mstari ule una bei, na dalali wa nyumba anaijua.

Halmashauri nazo zinajua. Ndiyo maana huweza kudai hati ya kodi ya halmashauri na mkataba wa kupanga, na mtoto aliyepata nafasi kwa anwani ya uongo anaweza kunyang'anywa nafasi hiyo. Mama wa Kiswahili akiandika anwani ya dada yake anaitwa mdanganyifu. Mwenye pesa akinunua nyumba mtaa uleule, kwa nia ileile, anaitwa mzazi anayejali. Tofauti kati yao ni salio la benki, na sheria imelibariki salio hilo.

Halafu inakuja ada ya pili, tuisheni. Hapa huanza mtoto akiwa darasa la nne, wengine la tatu. Jumamosi asubuhi, Jumatano jioni, likizo nzima ya Agosti. Mwaka 2013 Buckinghamshire walibadili mtihani kwa matumaini kwamba mpya usingefundishika kirahisi. Haikuchukua muda vituo vya tuisheni vikawa vinatangaza masomo ya mtihani huo mpya, na vitabu vyake vikawa madukani. Mtihani wowote unaotabirika unafundishika, na kinachofundishika kinauzwa.

Sasa jumlisha kodi ya nyumba na tuisheni, uone ni watoto wa nani wanaobaki darasani. Mwaka 2016, Waziri Mkuu Theresa May alipokuwa akitaka kuzirudisha shule hizi kwa jina la kuwainua wanyonge, kati ya kila wanafunzi 100 wa shule za grama hawakufika 3 waliokuwa na haki ya chakula cha bure, haki inayotolewa kwa watoto wa familia zenye kipato duni. Katika sekondari za serikali kwa jumla walikuwa takribani 13. Ngazi gani hii ya maskini ambayo maskini hawaonekani juu yake?

Mfumo wenyewe ulizaliwa na imani mbovu. Kabla ya Sheria ya Elimu ya 1944, ripoti ya kamati ya Norwood ya 1943 ilikwisha kudai kwamba watoto wana akili za aina tatu: za vitabu, za ufundi, na za mambo ya kushikika kwa mkono. Mwanasaikolojia Cyril Burt aliwaaminisha watawala kwamba akili hurithiwa na kwamba inapimika mapema. Baada ya kifo chake mwaka 1971, utafiti wake wa mapacha ulichunguzwa, na takwimu zake zikatiliwa shaka kubwa kiasi cha kuitwa za kughushi. Wakati huo vizazi vilikuwa vimekwisha kugawanywa. Leicestershire, inayouzunguka mji waliouhama rafiki zangu, ilianza kuuacha mchujo mwaka 1957. Serikali ya Labour ilizitaka halmashauri zote ziuache mwaka 1965. Hata Margaret Thatcher, akiwa waziri wa elimu kuanzia 1970, aliidhinisha mipango mingi ya kuuondoa. Scotland na Wales hazina tena hata shule moja ya serikali ya aina hiyo. England ilikuwa nazo zaidi ya 1,000. Zimebaki 163, zimeng'ang'ania kwenye maeneo machache kama kupe.

Na hapa ndipo ninapotaka wazazi wenzangu wanisikilize, kwa sababu hili halisemwi kwenye pongezi.

Mtoto akiishi Leicester, shule ya mtaa inapokea wote: mwepesi wa hesabu, mzito wa kusoma, mtoto wa daktari na mtoto wa dereva. Ukimhamishia Kent, umempeleka mahali ambapo takribani robo ya watoto huitwa waliofaulu, na robo tatu huitwa jina lolote lile ila hilo. Shule za hao robo tatu zimekwisha kupunguziwa watoto waliofanya vizuri, na pamoja nao wamekwenda wazazi wenye sauti na nafasi ya kubishana na mwalimu mkuu. Kuna walimu mashujaa ndani ya shule hizo, nawaheshimu kuliko ninavyoweza kusema, lakini kila Septemba wanapokea watoto wa miaka kumi na moja ambao tayari wameambiwa kwa barua kwamba wao si wa kule. Kwa hiyo mzazi anayehama anacheza kamari mbili. Mtoto akipita na kupata kiti, ameingia. Asipopita, wewe mwenyewe, kwa pesa yako, umemtoa kwenye shule ya wote ukamweka kwenye shule ya waliobaki. Leicester asingefeli chochote akiwa na miaka kumi, kwa kuwa hakuna ambaye angemtahini ili amkatae.

Na wengi wetu hatuna mtoto mmoja tu.

Najua tulikotoa moyo huu. Kwetu Tanzania tumelelewa na mtihani wa darasa la saba. Wengi tunaoishi huku ni watoto wa "amechaguliwa": jina lilibandikwa ukutani, mama akapiga vigelegele, ukanunuliwa tranka na godoro. Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Tabora, Kilakala, Msalato. Majina ya shule hizo yakitajwa mtu mzima ananyoosha mgongo. Waliobaki nyuma yetu, wale waliorudi kushika jembe wakiwa na akili kama zetu, hawana safu gazetini ya kueleza walivyojisikia. Sisi tuliochaguliwa ndio tunaosimulia, ndiyo maana mchujo unasimuliwa kama jambo jema. Lakini hata mchujo ule, pamoja na ukatili wake, ulikuwa na heshima moja ambayo huu wa Kent hauna. Zile zilikuwa shule za bweni. Mtoto wa Kigoma alipanda treni na tranka lake, baba akabaki na shamba lake, mama akabaki na ndugu zake. Ilboru haikumuuliza mzee amepanga nyumba mita ngapi kutoka getini.

Kuna hoja moja ninayoichukua kwa uzito wote. Dada mmoja aliniambia: "Kaka, wewe ongea tu. Mwanangu ni mweusi. Mwalimu anamwona mtundu kabla hajamwona ana akili. Mtihani haumjui rangi wala jina." Sina haki ya kuicheka hofu hiyo, nimekaa kwenye vikao vya wazazi, nimeona mtoto wetu akizungumziwa tabia kwa dakika tisa na masomo kwa dakika moja. Lakini dada, mtihani usiomjua jina unamjua mwalimu wake wa Jumamosi. Unamjua msamiati unaosemwa mezani kwao. Mwanao anaongea Kiswahili na bibi yake, Kiingereza na rafiki zake, anabeba lugha mbili kichwani akiwa na miaka kumi, na karatasi ile haina swali hata moja la kuupima mzigo huo. Dharau ya mwalimu dawa yake ni kupambana na mwalimu, na sisi wote nyuma yako. Kumkimbilia dalali hakumponyi mtoto wa jirani atakayekaa kwenye kiti alichokiacha mwanao.

Na hicho wazazi wanaohama wanachokifuata ni nini? Mwaka 2018 Stephen Gorard na Nadia Siddiqui wa Chuo Kikuu cha Durham walichapisha uchambuzi wao: ukizingatia watoto hawa walikuwa akina nani walipoingia, shule za grama hazionekani kuwafanya wapate zaidi ya wenzao wa shule nyingine. Matokeo yanayong'ara ni ya watoto waliokuwa wakifanya vizuri tangu mwanzo. Shule inapewa sifa kwa kuwakusanya.

Sheria ya 1998, chini ya Tony Blair, ilipiga marufuku kufungua shule mpya za grama, lakini ikaogopa kuzigusa zilizopo. Ikawaachia wazazi wadai kura ya maoni, kwa masharti magumu kiasi kwamba kura hiyo imepigwa mara moja tu, mjini Ripon mwaka 2000, na shule ikabaki. Mpango wa May ulikufa baada ya uchaguzi wa 2017, lakini mwaka uliofuata serikali ileile ikatenga pauni milioni 50 za kuzipanua zilizopo. Kwa hiyo mlango ulionekana umefungwa huku chumba kikiongezwa ukubwa kwa kodi zetu, pamoja na kodi ya mbeba boksi ambaye mwanawe hataingia.

Yule kijana wa swali la kwenye gari alifaulu. Mwezi huu ameanza mwaka wake wa tatu. Mdogo wake wa kike, aliyekuwa na miaka saba siku tulipohama, alifanya mtihani uleule Septemba iliyopita na hakufikia alama. Mama yake anafanya shifti za usiku kulipia nyumba iliyopangwa kwa ajili ya shule ambayo binti huyo haruhusiwi kuingia. Nilipokwenda kuwaona, binti hakutoka chumbani. Kaka yake alinifungulia mlango akiwa amevaa koti la shule, akalivua haraka, akalificha nyuma ya sofa kabla hajaniamkia.

Tunaweza kufanya kitu. Sisi Watanzania, Wakenya, Waganda na Wanyarwanda tunaoishi nchi hii kihalali ni raia wa Jumuiya ya Madola, na tuna haki ya kupiga kura ya kuchagua wabunge hata bila pasi ya Uingereza. Wengi wetu hatujajiandikisha. Jiandikishe. Mgombea akibisha hodi, mwulize swali moja kabla hajakupa karatasi yake: utapiga kura ya kufuta mtihani wa kuchuja watoto wa miaka kumi, ndiyo au hapana? Na kabla hujakodi gari la kuhama, kaa na wanao wote, mkubwa na mdogo, waeleze ukweli wa huko mnakokwenda. Mtoto akikuuliza akifeli itakuwaje, mjibu.